Maswali ya Nyumbani: Theluji Huko, Kaskazi Huku, na Picha za Wazee Zimo Laptopu Moja

Assalaam aleikum wasomaji wangu. Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinatoka nyumba zilizogawika, nusu ya watu wapo Unguja au Pemba wanatoka jasho la kaskazi na nusu ya pili wamefungiwa ndani na theluji Kanada, Marekani au Sweden, na kinachowaunganisha ni simu na laptopu basi. Wengi wenu mnajua mie nimeishi Ottawa kabla ya kurudi nyumbani, ndo maana mambo ya winta mnaniletea mie. Majina nimeyaacha kama mlivyoomba. Ile barua ya picha nimeijibu kwa urefu, nawaombeni muisome hata nyie ambao hamna mtu ughaibuni, manake inawahusu.

Laptopu imelala garini

"Bi Mkubwa shikamoo. Sie ni watu wa Wete ila sasa tupo Ottawa. Mume wangu karudi kazini usiku kaiacha laptopu kwenye buti ya gari mpaka asubuhi, na usiku ule baridi ilishuka digrii 22 chini ya sifuri. Nimeiingiza ndani, watoto wanataka kuiwasha wafanye kazi za skuli, mie nawazuia, baba yao anasema naogopa bure. Nani kasema kweli? Na simu yangu nikisimama kituo cha basi inazimika ghafla hali ya kuwa ina asilimia 30, je ishaharibika?" — Mama wa watoto watatu, Ottawa

Marahaba mwanangu. Kweli ni yako, na umefanya vizuri kuwazuia. Unakumbuka chupa ya soda ikitolewa kwenye friji pale Wete saa saba mchana inavyotoa jasho nje? Basi na laptopu iliyotoka kwenye baridi kali ikiingia nyumba yenye hita hufanya vilevile, unyevu wa hewa ya ndani unageuka matone ya maji juu yake na ndani yake kwenye saketi ambako wewe huoni, na ukiiwasha wakati ule umeme unapita juu ya maji. Iache ndani ya mkoba wake, zipu imefungwa, ipate joto polepole kwa masaa kadhaa, kwa baridi ya 22 chini ya sifuri mie ningengoja mpaka jioni. Usiiweke juu ya hita kuiharakisha. Na usiichaji ikiwa bado ya baridi, hili watu wengi hawalijui, betri hizi za lithiamu zikichajiwa chini ya sifuri lithiamu inajipachika kwenye ncha moja ya betri badala ya kuingia ndani yake, na uharibifu ule haurudi tena.

Simu yako si mbovu. Baridi inapunguza kasi ya betri, inashindwa kutoa umeme wa kutosha na simu inajizima, ukirudi ndani ikapata joto utaona asilimia zake zinarudi. Itie mfuko wa ndani wa koti karibu na mwili, si mfuko wa nje. Apple wenyewe wanasema iPhone itumike kwenye digrii 0 mpaka 35, kwa hiyo na nyie mlioko Darajani mnaoacha simu kwenye gari lililofungwa vioo juani hapo nanyi mshapita mpaka, kwa upande wa pili.

Jengine moja kwa sababu una watoto. Winta hewa ya ndani inakauka sana, mtu anatembea na soksi juu ya kapeti akigusa kitu anapigwa shoti kidogo. Shoti ile kwa mtu si kitu lakini kwa fleshi au memori ya kompyuta inatosha kuiua. Wafundishe kabla ya kuchomeka kitu waguse kwanza chuma chochote, hata kitasa cha mlango.

Magharibi ya saa tisa

"Bi Mkubwa, mie nipo Chake Chake, dada yangu yupo Stockholm na mumewe. Kila nikimpigia saa kumi na moja jioni, mie ndo kwanza nimetoka kuswali alasiri, yeye ananambia kishaswali magharibi na anapika chakula cha usiku. Najua wao wapo nyuma yetu kwa masaa mawili, sa magharibi ya saa tisa mchana inatoka wapi? Mama kaanza kusema labda hataki kuzungumza na sisi." — Kaka mtu, Chake Chake

Dada yako mkweli kabisa, mtoe mama wasiwasi leo hii hii. Karibu na tarehe 21 Disemba jua la Stockholm linatoka saa mbili na dakika 44 asubuhi na linazama saa tisa kasoro dakika 12 mchana, kwa saa zao. Ukiongeza masaa mawili ni saa kumi na dakika 48 kwenu. Kwa hiyo wewe ukishika simu saa kumi na moja kwake ni giza na magharibi ishaingia. Adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinamuingilia ndani ya kama masaa matatu, na katikati yake yupo kazini au anafuata watoto skuli kwenye theluji, sie tuliozoea magharibi inayosogea nusu saa na kidogo tu mwaka mzima hatuwezi kuihisi hiyo mbio. Halafu Juni inageuka, jua linazama baada ya saa nne usiku. Na Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, tofauti yenu inabaki saa moja, msije mkagombana tena.

Kazi ndogo ya kufanya: kwenye simu ya mama ongeza saa ya pili ya Stockholm ionekane usoni pa simu, inachukua dakika moja. Na umwambie dada aangalie programu yake ya nyakati za swala kwenye simu na kompyuta kama bado imeandikwa Dar es Salaam au Zanzibar, manake wengi wanahama na simu ile ile na sehemu inabaki ya zamani, hapo nyakati zote zinakuwa za uongo.

Ramadhani nayo inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, ndo sasa inaingia ndani ya winta yao, na mwaka 2030 zitakuwemo Ramadhani mbili, moja Januari na nyengine inaanza mwisho wa Disemba. Dada yako atafunga siku fupi mno, mwenyewe atakuonea huruma wewe.

Picha za mama

"Shangazi, mie na mdogo wangu tumekosana. Mie nipo Toronto yeye yupo Michenzani na mama. Picha zote za familia, harusi ya mama, babu alipokuwa mwalimu, maulidi ya zamani, niliziskani nilipokuja likizo na zipo kwenye laptopu yangu ya Windows 10 ambayo sasa inaniandikia kuwa haitopata tena apdeti. Simu nayo inaandika nafasi ya Google imejaa. Mdogo wangu anasema nizitie zote kwenye grupu la WhatsApp la familia zikae humo tumalize, mie roho inakataa. Tena kuna picha nyengine kwenye fremu bado, na mama ana mikanda ya kaseti na ya video kabatini tangu zamani. Huku theluji imefika magotini, Jumamosi na Jumapili nipo ndani tu, muda ninao. Nianzie wapi?" — Mtoto wa kwanza, Toronto

Mwanangu roho yako imekataa kwa haki. Grupu la WhatsApp si pa kuwekea picha za wazee. Ukituma picha kama picha WhatsApp inaikamua ipungue uzito, ile inayofika si ile uliyotuma, ukija kuikuza uso wa babu unakuwa matone matone. Na yule atakayebadilisha simu bila kuhifadhi atazipoteza. Kama lazima upitishe huko basi itume kama dokumenti, hapo faili linafika zima. Lakini kupitisha ni kupitisha, kuweka ni mambo mengine.

Anza na laptopu yenyewe leo, kabla ya chochote. Microsoft walimaliza kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Haina maana itazima, itafanya kazi kama jana, ila matundu ya usalama yakigunduliwa hayazibwi, labda ujiandikishe kwenye ule muda wa ziada waliowapa watumiaji wa nyumbani mpaka Oktoba 2026. Angalia kwenye setingi kama mashine yako inakubali Windows 11, nyingi za zamani zinakataliwa kwa kukosa chipu ya usalama inayoitwa TPM 2.0. Ikikataa usiitupe, Linux Mint, mfumo mwengine wa kuendeshea kompyuta badala ya Windows, inatiwa bure na laptopu ya zamani inapata umri mwengine. Lakini nakusihi usiguse lolote katika hayo, wala kupandisha Windows wala kubadilisha, mpaka picha zishatoka humo. Nimeona watu wanapeleka mashine kwa fundi "aipige Windows" na fundi kafanya alichoambiwa, kapiga Windows, na miaka yote ya familia imeondoka mchana mmoja, fundi hakuulizwa na wala hakuuliza.

Kwa hiyo nunua hadidiski mbili za nje, si moja, za kawaida tu hazina haja ya kuwa kubwa. Nakili picha zote kwenye zote mbili, halafu fungua picha kadhaa kutoka kila diski uone zinafunguka kweli, usiridhike na kuona jina la faili. Diski moja ibaki kwako Toronto. Ya pili mpe mtu anayekuja nyumbani, ikae Michenzani kwa mdogo wako, na hapo na yeye anakuwa na dhamana, ugomvi unaisha. Nakala ya tatu iwe mtandaoni. Google wanatoa GB 15 bure lakini humo ndani zimo barua pepe zako, mafaili na picha vyote pamoja, tangu tarehe 1 Juni 2021 picha zinahesabiwa, na bakapu ya WhatsApp ya simu za Android nayo inakula humo humo. Ndo maana yako imejaa. Ikijaa kabisa hata barua pepe hazikufikii. Futa zile video za maharusi ya watu zilizojiweka wenyewe kutoka magrupu, utashangaa nafasi itakayopatikana, na kama bado haitoshi lipia hicho kidogo kwa mwezi mugawane na mdogo wako.

Mtu atasema mbona sehemu tatu, huyu bibi ana wasiwasi. Sie wa Unguja tulikaa bila umeme kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa baharini umeharibika, mjini ni majenereta usiku kucha, hapo kitu chako kikiwa kwenye kompyuta ya mezani hukipati. Huko kwenu nako Januari 1998 ile mvua ya barafu iliangusha nguzo za umeme Ontario ya mashariki na Quebec, mamilioni ya watu gizani na wengine walikaa wiki nyingi na baridi ile. Na Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini zilikatika, intaneti ya Tanzania nzima ikawa inanyatia, aliyekuwa na kila kitu mtandaoni alikaa akikodoa macho. Kila sehemu ina ajali yake, ila hazitokei zote siku moja.

Diski ya Michenzani sasa. Adui wa huku si baridi, ni unyevu na chumvi ya bahari. Isikae juu ya friji wala karibu na dirisha. Itiwe kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, pamoja na vile vipakti vidogo vya chembechembe vinavyokuja kwenye viatu vipya, na kila baada ya miezi michache mdogo wako aichomeke aiwashe aone inasoma.

Picha zilizomo kwenye fremu kama zishagandana na kioo, na huku zinagandana sana, asizibandue kwa nguvu, uso ndo utakaobaki kwenye kioo. Azipige hivyo hivyo na kioo chake, simu iwe sawasawa juu ya picha, mchana karibu na mlango pasipo na jua la moja kwa moja, taa ya simu imezimwa isilete mng'aro. Kaseti za sauti si ngumu, redio kaseti nzima na waya mmoja kuingia kwenye kompyuta na programu ya bure ya Audacity, ila mkanda unapita kwa muda wake kamili, wa saa moja ni saa moja. Mikanda ya video aitazame kwanza kupitia kile kidirisha, akiona unga mweupe mweupe ule ni ukungu, asiutie kwenye deki, utachafua na deki na kuharibu mkanda, huo apewe mtu anayejua kusafisha. Mikanda haisubiri, kila masika inayopita inaliwa kidogo.

Sasa hilo ambalo hukuliuliza, na mie kwangu ndo kubwa. Katika picha zile, watu waliosimama nyuma ya babu ni nani? Yule mtoto aliyeshikwa mkono? Pale ni Vitongoji au ni Ng'ambo? Wewe hujui na mdogo wako hajui, anayejua ni mama peke yake na hilo halimo kwenye diski yoyote. Jumamosi yako ya theluji itumie hapo. Mpigie video, saa tatu asubuhi yako ni saa kumi na moja jioni yake, kashapumzika, mdogo wako amshikie simu, wewe mfungulie picha moja moja kwenye skrini na umuulize nani, wapi, ilikuwa shughuli gani, naye akisema andika papo hapo. Usiandike kwenye daftari utalipoteza, libadilishe jina la faili lenyewe, mwaka kwanza, halafu mahali, halafu watu kutoka kushoto. Kama hakumbuki mwaka muulize kabla au baada ya kuzaliwa nani, atakumbuka tu. Na mrekodi sauti wakati anaeleza kwa sababu kila picha atakayoiona atakutolea hadithi hukuwahi kuisikia. Usimchoshe, akianza kujibu kwa mkato mwache akapumzike, endeleeni wiki ya pili. Winta ya Toronto ni ndefu, mtamaliza.

Seredani sebuleni

"Bi Mkubwa, nimeolewa nimekuja Columbus, Ohio, ndo winta yangu ya mwanzo. Juzi hita imeharibika mume wangu yupo kazini, nikataka kuingiza seredani ya mkaa tunayochomea mishikaki niiwashe sebuleni, nikaacha kwa kuogopa moshi kuchafua kuta. Ingefaa? Na kila nikitia udi king'ora cha moshi kinalia, jirani kashanigongea. Nikitoe betri?" — Bi harusi, Columbus

Mwanangu nakuomba na nakusihi, seredani isiingie ndani hata siku moja, hata dirisha ukilifungua kidogo. Kinachoua si moshi, ni gesi ya kaboni monoksaidi inayotoka kwenye mkaa, haina rangi wala harufu, na mkaa uliokwishashika vizuri usiotoa moshi hata kidogo ndo unaoitoa. Nyumbani tunapikia uani na madirisha yetu yanapitisha upepo, nyumba za huko zimezibwa kila tundu ili joto lisitoke, gesi inabaki na nyie ndani na mtu analala haamki. Kichwa kikiuma ghafla, kichefuchefu, kizunguzungu, na hasa mkiwa mnaumwa wote kwa pamoja, tokeni nje na baridi ile ile mpige 911. Nunueni king'ora cha gesi hii, ni kengele nyengine mbali na ile ya moshi ingawa zipo zenye vyote viwili. Na gari lisiachwe linaunguruma gereji, wala barabarani kabla ya kuiondoa theluji kwenye bomba la moshi.

Hita ikifa mpigie mwenye nyumba, kusanyikeni chumba kimoja mfunge mlango, vaeni nguo juu ya nguo, na bomba la maji liachwe lichirizike kidogo lisigande likapasuka. Kama usiku unaingia na haijatengenezwa nendeni kwa watu.

Udi tia jikoni chini ya feni ya kutolea moshi, au nunua chetezo cha umeme kisichotaka mkaa. Betri ya king'ora usiitoe.

Laptopu ya ami

"Assalaam aleikum. Mie mwanafunzi wa chuo hapa Tunguu. Ami yangu yupo Minneapolis anataka kunipa laptopu yake aliyoitumia, ataileta mtu anayekuja. Kaniuliza nataka nini zaidi na mie sijui nimwambie nini." — Mwanafunzi, Tunguu

Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amzidishie ami yako. Mwambie kabla hajaitoa nyumbani kwake aipandishe apdeti zote kwa waifai yake, kwa sababu apdeti moja kubwa ya Windows itakumalizia bando lako la mwezi. Halafu atoe vitu vyake, atoke kwenye akaunti zake zote na airiseti upya, asiache paswedi yoyote ya kuwashia. Ikija na akaunti yake imefungwa humo mtakaa mnapigiana simu usiku wa manane kuulizana namba.

Chaja aisome maandishi madogo, ikiandikwa 100–240V itafanya kazi huku bila tabu, unataka adapta ya pini tatu tu. Hii si kila kitu, umeme wao ni volti 120 na wetu ni 230, akitaka kukuongezea na birika au blenda ya huko mwambie asante abaki navyo, vitaungua siku ya kwanza. Anayeileta aibebe mkononi ndani ya ndege, asiitie kwenye sanduku linalokwenda chini, betri za lithiamu ndo zinavyotakiwa kusafiri. Ikifika ipitishe kwenye stabilaiza, umeme ukirudi baada ya kukatika unarudi na kishindo. Na kwenye setingi za waifai washa ile ya kuhesabu data ili isijipakulie mambo bila ya ruhusa yako.

Namba sita

"Bibi, mie mzee nipo Mkoani. Imekuja meseji kwa jina la binti yangu aliyeko Uingereza anasema amekwama kwenye theluji, simu yake imeharibika, atatumia laini nyengine, na imeingia namba ya tarakimu sita kwenye simu yangu nimtumie haraka. Nitume?" — Mzee, Mkoani

Usitume mzee wangu. Ile namba ni ufunguo wa WhatsApp yako wewe, ukiitoa mtu anaingia kwa jina lako anaanza kuwaomba ndugu zako pesa. Mpigie binti yako kwa namba ya siku zote umsikie sauti. Kama ushaituma basi mwite kijana hapo karibu aifungue upya WhatsApp yako kwa laini yako hiyo hiyo, yule mwengine atatoka, na akuwekee ule ulinzi wa hatua mbili.

Mwanangu anataka kulala ila usingizi hapati

"Bi Mkubwa mwenzangu, mwanangu yupo Edmonton, Kanada. Tangu imeingia baridi kabadilika. Alikuwa anapiga kila siku sasa napiga mie na hapokei, akipokea anasema nimechoka mama nataka kulala, na hali ya kuwa usiku hapati usingizi. Kazini anakwenda. Mie huku silali. Nimfanyeje na mie nipo Kikwajuni?" — Mama, Kikwajuni

Pole mama mwenzangu. Nimeliona hili kwa watu wetu wengi na nimeliona kwa Wazungu wenyewe wenye nchi yao, kwa hiyo usidhani kafanyiwa kitu na usianze kumtafutia aliyemfanyia. Edmonton mwisho wa Disemba jua linatoka karibu saa tatu asubuhi na kuzama saa kumi na robo. Anatoka kwenda kazini giza, anarudi giza, na mwili wa mtu usipoona mwanga usingizi wake unavurugika na moyo unazama. Ni maradhi yanayojulikana na yana dawa. Sie weusi tena, ngozi yetu inataka jua zaidi kutengeneza vitamini D na winta ya kule jua hilo haliipi kitu.

Muda wa kupiga uubadilishe. Wapo nyuma yetu kwa masaa kumi, kwa hiyo saa nne ya usiku kwako ni saa sita ya mchana kwake, mapumziko ya kazi. Mpigie hapo na umwambie aongee na wewe huku anatembea nje, hata robo saa, hata kuna mawingu, mwanga ule wa mchana unamfaa kuliko taa yoyote ya ndani. Na usianze kwa "mbona hupokei", hilo linamfanya aiogope simu. Mpe kazi. Mwambie simu yako imejaa hujui ufute nini akuelekeze hatua kwa hatua, au akutafutie picha za skuli yake ya Haile Selassie au popote aliposoma akutumie, au afanye na wewe ile kazi ya majina ya picha niliyomwambia mtoto wa Toronto. Mtu aliyezama maneno ya "jipe moyo" yanampita, lakini mama yake akimwambia sijui hapa nibonyeze wapi atakaa chini amuelekeze, na akishakaa ataanza kusema mengine.

Akikwambia hali chakula vizuri, au hakuna kinachomfurahisha tena, au ukisikia neno lolote la kuchoka na maisha, hapo si mambo ya simu tena, aende kwa daktari. Wana taa maalumu za mwanga mkali wanazowapa watu kukaa mbele yake asubuhi, wana dawa, wana watu wa kuzungumza nao. Muulize siku ya miadi ni lini na saa ngapi, hesabu masaa yako kumi, na umpigie kabla hajatoka nyumbani, ukae naye kwenye simu mpaka afike mlangoni kwa daktari.